Usimsubiri Mtoto Alale

Ukisema tu kwamba unasoma na nyumbani una mtoto wa mwaka mmoja, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: soma akilala. Atakupa mama mkwe, atakupa mhadhiri, atakupa na yule dada wa gengeni unayenunua kwake nyanya. Ni ushauri wa nia njema, na mimi niliufuata muhula mzima. Nikatoka na sapu mbili.

Kinachodanganya ni hesabu yake. Mtoto wa umri huo hulala saa 11 hadi 14, usiku na mchana ukivijumlisha. Kwenye karatasi unaona muda tele. Lakini usiku wa mtoto ndio usiku wako pia. Ukiutoa huo, unabakiwa na usingizi wa mchana, saa mbili hivi, siku njema tatu, na humo ndimo zinamosubiri nepi za kufua, mchicha wa kuchambua, kuoga kwako mwenyewe na simu ya fundi bomba. Kinachosalia ni dakika 40. Hizo nazo utazisoma umetega sikio chumbani, unageuza ukurasa kwa ncha ya kidole, mpaka bodaboda iliyotobolewa ekzosi ipite chini ya dirisha.

Kwa hiyo mimi naanzia kwingine. Mtoto hana muda wa kukupa. Muda wa kusoma uko kwa watu wazima, na watu wazima huombwa. Methali ya mkono mmoja usiolea mwana tunaijua sote. Kilichoachwa bila kusemwa ni kwamba mkono wa pili hauji wenyewe.

Nilisoma shahada ya jioni Dar es Salaam, mchana nikiwa kazini, tukikaa Mbagala. Mwaka wa pili ulipoanza mtoto alikuwa na miezi 11. Haya ninayoyaandika nimeyafanya mwenyewe au nimeyaona kwa wenzangu darasani, ambako tulikuwa wazazi wengi kuliko nilivyodhani siku ya kwanza. Wanaume ndio waliokuwa wakificha. Mmoja nilijua ana pacha tukiwa tayari mwaka wa tatu.

Omba saa, usiombe msaada

Wengi wetu humwambia mwenzake, "Naomba unisaidie mtoto, nasoma." Maneno hayo hayana mwanzo wala mwisho. Anayeyasikia anaitikia kwa moyo mweupe, anamchukua mtoto dakika kumi, mtoto analia, anakurudishia. Hajavunja ahadi, maana hakuna iliyowekwa.

Taja siku, taja saa, taja kazi. "Jumanne na Alhamisi, saa moja usiku hadi saa tatu, mtoto ni wako: utamlisha, utamwogesha, utamlaza." Andika, bandika ukutani mahali kila mtu anapopita. Yetu ilikaa juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Saa nne kwa wiki si nyingi, ila saa nne unazozijua zinashinda kumi unazozivizia.

Ukishamkabidhi mtoto, mwache kweli. Hili lilinishinda muda mrefu. Baba yake akimvalisha nepi mbele nyuma, akimpa uji uliokwisha kupoa, na mimi niko chumba cha pili na kitabu mkononi, namrekebisha kupitia ukutani. Mimi sisomi, yeye halei. Nepi iliyovaliwa mbele nyuma haimdhuru mtoto, hasara yake ni shuka kulowa tu. Mwache mwenzako ajifunze kama ulivyojifunza wewe. Hata wewe hukuzaliwa unajua.

Halafu utoke. Mtoto wa mwaka mmoja akijua umo ndani atakutafuta. Ameshatambaa, pengine ameanza kusimama dede, na mlango uliofungwa ndio hasa anaoutaka. Sisi wa chumba na sebule hatuna hata huo mlango. Tafuta mahali nje ya nyumba: darasa tupu la shule ya mtaani kama mwalimu mkuu atakuruhusu, ukumbi wa kanisa, baraza la jirani asiyependa soga. Kwa walio Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, na mikoani ziko maktaba nyingine chini ya bodi hiyohiyo inayoiendesha. Jumamosi zangu zilikuwa hapo hadi saa saba mchana. Watu wa kazini walidhani nina duka Kariakoo.

Kama unalea peke yako, tafuta mzazi mwenzako anayesoma mbadilishane: Jumamosi hii watoto wote wawili kwako, ijayo kwake. Watoto wawili wanachosha kweli, lakini siku yako ikifika unaondoka bila deni wala maneno ya pembeni. Na deni la maneno ya pembeni, hasa kwa mawifi, lina riba kubwa kuliko ya kikoba chochote.

Wako wanaompeleka mtoto kwa bibi kijijini mpaka masomo yaishe. Simhukumu mtu. Ila kwa mtoto wa mwaka mmoja ambaye bado ananyonya na ndiyo kwanza anajifunza nani ni nani, mimi ningemleta bibi mjini mwezi wa mtihani kuliko kumpeleka mtoto kijijini mwaka mzima. Hapo angalia kalenda mbili, ya chuo na ya shamba. Mitihani yetu iliangukia Februari na Julai. Mama alikubali ya Julai mara moja, kwa sababu mavuno yalikuwa yamekwisha kuingia ndani. Ya Februari alisita, wakati wa kutayarisha shamba kabla ya masika, na alikuwa na haki ya kusita. Ilibidi nitume fedha ya kibarua wa kulima. Hiyo fedha iweke kwenye bajeti ya ada tangu mwanzo, maana ni ada.

Kama anayesoma ni baba, hayo yote geuza. Mama naye aambiwe ratiba, na ratiba iheshimiwe pande zote mbili. Nimewaona wanaume wanaomaliza kipindi saa tatu usiku wakaendelea na "diskasheni" hadi saa tano, mezani chipsi mayai, daftari hakuna. Mkeo anajua. Kama unataka saa za kusoma zisiguswe, rudi mapema siku zisizo za kusoma, umbebe mtoto wako.

Anayebaki na mtoto mchana

Ukipata dada wa kazi mwenye moyo, umepata nusu ya shahada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa Tanzania Bara, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kwa kazi ya kulea, mimi naona hata 14 ni umri mdogo mno. Binti wa miaka 15 ni mwanafunzi aliyekosa shule. Kumwachia mtoto wako ili wewe usome ni jambo ambalo kila nikilifikiria sipati usingizi. Chukua mtu mzima, mlipe tarehe ileile kila mwezi, mpe siku ya mapumziko iliyotajwa kwa jina. Nyumba nyingi hubadilisha dada kila miezi mitatu na kulalamika kwamba "mabinti wa siku hizi". Mtoto wa mwaka mmoja akibadilishiwa mlezi mara nne, miezi yote hiyo atailipiza kwako, usiku.

Siku za mwanzo usimpe dada orodha ya mambo thelathini. Mpe manne: asimwache mtoto karibu na jiko wala ndoo ya maji, asimpe dawa bila kukupigia, asitoke naye bila kusema, na akipiga simu wakati wa kipindi utajua ni jambo la haraka na utatoka darasani kupokea. Mengine atayaona kwako.

Vituo vya kulelea watoto mchana vimeongezeka mijini. Kabla ya kuuliza bei uliza usajili, kwani Sheria ya Mtoto ya 2009 inavitaka visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anaweza kukuambia kipi kinatambulika. Halafu nenda bila taarifa saa nne asubuhi. Angalia watoto wanalala wapi, mlezi mmoja ana watoto wangapi, choo kikoje, na ukijifanya shangazi wa mtoto fulani uone kama watakukabidhi. Mimi nilipojaribu, kituo kimoja kilinikabidhi. Sikurudi.

Mlangoni

Kati ya miezi 10 na 18 hivi watoto wengi hulia sana mzazi anapoondoka. Ni hatua ya kawaida ya ukuaji: sasa anajua kwamba ukitoka bado upo mahali fulani, ila hajajua kwamba utarudi. Majumbani kwetu dawa yake ni moja, kutoroka. Mtoto anaonyeshwa kuku, mama anachepuka uani. Siku hiyo halii. Kesho yake anakuganda tangu alfajiri, hata chooni mnaingia wote, kwa sababu amegundua kwamba wewe ni mtu wa kupotea ghafla.

Muage. Maneno yaleyale kila siku, mafupi, halafu uondoke hata kama analia. Mimi nilikuwa nasema, "Mama anaenda shule, atarudi, tutanyonya," nampungia, nageuka. Usirudi nyuma kumbembeleza mara ya pili. Ukirudi unamfundisha kwamba kilio kirefu kinafungua mlango. Wiki mbili za kwanza nililia mimi kwenye mwendokasi. Wiki ya tatu alianza kunipungia kabla sijafika mlangoni, nikaumia kwa namna nyingine.

Ukirudi usianze na simu wala vyombo. Nawa mikono, kaa chini, mchukue. Robo saa ya kwanza ni yake. Akishashiba wewe atakuacha mwenyewe aende kwenye sufuria zake.

Vipande vya muda, na mtoto kama mwanafunzi wako

Sijasema usisome kabisa akilala. Nasema usimpangie usingizi wake jambo kubwa. Tafsiri za maneno, fomula moja, swali moja la mtihani wa zamani: kazi ambayo ikikatizwa katikati haikupi hasira. Insha na mahesabu marefu yasubiri Jumanne na Alhamisi. Na angalau mara mbili kwa wiki, akilala mchana lala na wewe. Kukesha ukiwa na mtoto anayeamka saa nane usiku ni kuchoma mshumaa na kinara chake. Mimi nilihamia alfajiri, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, baada ya kulala saa tatu usiku kama kuku. Taa ndogo ya sola ni rafiki wa kweli. Luku haiishi saa sita mchana, inaishi wakati huo.

Lakini saa zenye faida kubwa nilizipata mtoto akiwa macho, na hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo.

Madesa yetu yote ni ya Kiingereza. Tunayakariri, tunayamwaga kwenye mtihani, na ukimuuliza mtu maana yake kwa lugha ya nyumbani anaanza kukohoa. Jioni moja nikimwogesha mtoto nilikuwa na jaribio kesho yake kuhusu uchakavu wa mali. Nikaanza kumsimulia. Beseni hili, mwanangu, tumelinunua jipya. Kila mwaka linapoteza thamani kidogo. Tukisema litadumu miaka mitano, basi kila mwaka tunakata moja ya tano, hata kama fedha haijatoka mfukoni. Mtoto anapiga maji, anacheka. Nikafika mahali pa kumweleza kwa nini gharama hiyo haitoki mfukoni na bado inapunguza faida, nikakwama. Kwa Kiingereza ningeiandika bila kufikiri. Kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiyejua chochote, nilijikuta sijui. Nikatoka bafuni na mtoto kwenye taulo, nikafungua kitabu.

Tangu hapo ikawa desturi. Ninapomenya viazi namweleza mizania. Ninapomtembeza kwa mbeleko ili alale namsomea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, polepole kama dua. Hakuna wimbo uliomlaza haraka kama vile vifungu vya ofa na ukubali. Yeye anapata anachokihitaji, kwani mtoto wa umri huu hujifunza lugha kwa kuongeleshwa na mtu anayemtazama usoni. Wewe unapata mtihani wa mdomo usio na alama. Ukiweza kumsimulia jambo kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, funga ukurasa huo, umeshaujua.

Rekodi pia sauti yako ukisoma nondo zako, usikilize kwenye daladala. Foleni ya Mbagala ni saa nzima ya muhadhara usiolipiwa.

Simu ndiyo kikwazo. Masomo yamehamia humo, na mtoto akiona kioo kinawaka hatakuacha. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 halipendekezi mtoto wa mwaka mmoja akalishwe mbele ya kioo hata kidogo, na ukimpa mara moja ili umalize ukurasa, kesho ataidai kwa ngumi. Toa nakala za karatasi steshenari. Mpe na yeye karatasi zake, zilizotumika upande mmoja. Atachana za kwake, na mara mojamoja za kwako. Kazi yangu ya utafiti niliikabidhi ikiwa na alama ya meno kwenye ukurasa wa shukrani.

Mezani kwako kuna hatari

Tunaogopa jiko la mkaa na chupa ya chai, na ni haki. Tunasahau meza ya kusomea. Vifuniko vya kalamu, pini za stepla, betri ndogo bapa za kikokotoo: vyote huenda mdomoni, na betri hizo zikimezwa huunguza koo kwa saa chache tu, mtoto apelekwe hospitali hapohapo bila kusubiri kuona. Waya wa chaja ulioachwa kwenye soketi, ncha yake inaning'inia, mtoto huinyonya. Vitu vyote vya chuo viishi kwenye begi lenye zipu, begi litundikwe msumarini. Na mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, hata kama ni kwa siku moja umeme ulipokatika ghafla.

Kunyonya na kula

Mtoto anashauriwa kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, na masomo si sababu ya kumwachisha ziwa kabla hamjataka. Vipindi vya jioni vinachukuliana vizuri na kunyonya: mnyonyeshe kabla hujatoka na ukirudi. Ukikamua, mlezi ampe kwa kikombe safi, na kwa joto la pwani maziwa yasikae nje zaidi ya saa nne. Kwenye friji hukaa siku nne. Ukiwa na mtihani wa saa tatu, mnyonyeshe karibu kabisa na kuondoka, na weka kitambaa kilichokunjwa ndani ya sidiria. Mwenzangu alitoka ukumbini blauzi imelowa, akafunika kwa karatasi ya maswali.

Mwaka mmoja ameshakuwa mtu wa chakula: milo mitatu hadi minne kwa siku na kitafunwa kimoja au viwili. Hapa wazazi wanaosoma tunaanguka mahali pamoja, kwenye chupa ya uji. Unapikwa alfajiri, unawekwa kwenye chemosi, mtoto anapewa mpaka jioni. Uji vuguvugu wa saa sita ni nyumba ya vijidudu, na hata ukiwa salama, tumbo limejaa maji. Na ule unga wa lishe wa nafaka saba, soya, karanga na kila kilichokuwa sokoni si lazima. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kusaga na kuchemsha hakuiondoi. Nunua kidogo, chagua kwa mkono, saga cha wiki mbili.

Jumapili chemsha maharage mengi, gawa kwenye vikopo vidogo, gandisha kwako au kwenye friji ya jirani. Siku za kipindi mlezi anaponda kopo moja na wali au viazi, anatia mafuta kidogo, parachichi au yai pembeni. Dagaa wa kusaga nyunyiza kwenye mtori. Hicho ndicho chakula cha nyumba nzima, na hakuna anayepika mara mbili.

Kuhusu fedha sina la siri. Nepi za dukani ndizo zinazokula. Za kitambaa mchana, za dukani usiku, inapunguza nusu. Na kama bado hujajisajili chuo, pima nauli na saa za barabarani kabla ya jina la chuo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kina vituo mikoani. Kwa mzazi mwenye nidhamu ya kusoma peke yake ni njia nzuri. Mimi sina nidhamu hiyo, nilihitaji mhadhiri wa kunikaripia.

Homa ya wiki ya mtihani

Itakuja. Jiandae nayo kama unavyojiandaa na swali la kwanza.

Siku ratiba ya mitihani inapotoka, ilaze karibu na kadi ya kliniki. Chanjo ya pili ya surua na rubella ni ya miezi 18, na inaweza kufuatiwa na homa siku chache baadaye. Usiiruke, mpeleke wiki ile chanjo inapofika, ila mtu wa kukesha naye homa ikija awe amejulikana mapema. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kwa kawaida hutolewa Juni na Desemba.

Akipata homa, usinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Apimwe. Akiharisha, ni ORS na vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya, na aendelee kunyonya na kula. Jirani atasema ni meno. Kuota meno huleta mate na hasira. Homa kali na kuharisha vina sababu nyingine. Jirani mwingine atasema ni meno ya plastiki na anamjua mtu wa kuyang'oa. Huyo usimfungulie mlango, kinachong'olewa ni chipukizi za meno halisi, na watoto hufa kwa vidonda hivyo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, hapo hakuna mtihani. Ni hospitali, sasa hivi.

Kwa siku za kawaida za mtihani, panga watu wawili: wa kwanza, na wa akiba kama wa kwanza atapata dharura. Wote wawe na kadi ya kliniki, fedha ya bajaji na namba ya mtu atakayeweza kukufikia ukiwa ukumbini simu imezimwa. Mimi niliacha namba ya ofisi ya idara. Haikupigwa hata mara moja, lakini nilijibu maswali nikijua ipo.

Na ikifika mahali huwezi, ahirisha. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha mtihani, muhula au hata mwaka kwa sababu ya ugonjwa au malezi, na wengi wetu hudisko wakati njia ilikuwepo, kwa kuona aibu kuuliza. Soma kanuni za mitihani za chuo chako sasa, mtoto akiwa mzima. Barua ni ukurasa mmoja: jina, namba ya usajili, mtihani gani, sababu gani, unaomba kurudi lini. Ambatanisha nakala ya cheti cha hospitali, peleka mwenyewe, gonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Iende kabla ya mtihani kuanza. Ikienda baada ya mtihani, hata iwe na ushahidi wa daktari bingwa, utaambiwa ungesema mapema.

Rasimu ya barua hiyo ninayo hadi leo kwenye daftari la mwaka wa pili, imejazwa kila kitu isipokuwa tarehe.